“Fundi, mbona hujabadilisha spea hata moja?” Kuhusu freti, ubao wa shingo na bei ninayotoza

Wiki iliyopita kaka mmoja anayepiga solo kwenye kwaya alirudi hapa karakana, gitaa likiwa bado kwenye begi. Siku nne kabla alilichukua likiwa limekwisha kutengenezwa, akalipa 90,000, akaondoka anapiga mluzi. Kumbe alipofika nyumbani mtu alimuuliza, “Wamekubadilishia nini?” Akatazama: pikapu zilezile zinazonasa sauti ya nyuzi, funguo zilezile za kukazia nyuzi, freti zilezile, vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatisha shingo. Akaona ameliwa. “Fundi, elfu tisini yangu imeenda wapi? Mbona hujaweka spea hata moja?”

Si wa kwanza. Hapa Moshi nimelisikia swali hili mara nyingi mno, na huwa linaniuma, kwa sababu kazi anayoilalamikia mteja ndiyo ninayoifanya kwa uangalifu kuliko zote. Kubadilisha pikapu ni kulehemu nyaya tu. Kazi ya shingo inataka jicho, mkono na muda, na ikifanywa sawasawa haionekani.

Nilimwomba alitoe gitaa, tukaliunganisha kwenye spika, nikamwambia apige freti ya 14, uzi wa kwanza na wa pili, auvute. Alipolileta mara ya kwanza, hapo sauti ilikuwa inakufa. Ukivuta uzi, unakoroma kidogo kisha kimya. Kwa mtu anayepiga sebene hiyo ni hasara kubwa, maana mpiga sebene anaishi huko juu, freti ya 10 kwenda 17. Gitaa lenye ubovu freti ya 14 linaweza kumfaa anayepiga kodi za kawaida, yaani noti kadhaa kwa pamoja, miaka kumi bila yeye kugundua, lakini mpiga solo atateseka kila Jumapili. Safari hii uzi uliimba. Alinyamaza. Nikamwelezea nilichofanya, na ninakiandika hapa ili nisikielezee upya kila wiki.

Kwanza natoa nyuzi, nanyoosha shingo kwa trasrodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani, mpaka rula ya chuma ilale juu ya shingo bila mwanga kupita chini yake. Kisha nachukua maka peni nyeusi, napaka kichwani kwa kila freti, zote 22. Halafu napitisha chuma kilichonyooka chenye msasa laini chini yake, mara mbili au tatu, bila kugandamiza. Hapo gitaa linasema ukweli wake. Freti iliyo juu inang'aa, iliyo chini inabaki nyeusi. Kwa gitaa la huyu kaka, freti ya 15 na 16 ziling'aa pana, na ya 14 ikabaki nyeusi tii. Tofauti yenyewe haizidi unene wa karatasi moja, lakini uzi wa gitaa la umeme unapita juu ya freti kwa nafasi ya milimita moja na nusu hivi, kwa hiyo karatasi moja ni nyingi. Ninapokwisha kuzisawazisha, kila freti inakuwa bapa kichwani, na freti bapa haitoi noti safi. Lazima nizirudishie mviringo kwa tupa, moja baada ya nyingine, kisha msasa namba 400, 800, 1500, mwisho kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Ni saa tano, wakati mwingine sita. Ndipo elfu tisini ilipoenda.

Kuna watu wanaofanya “setapu” kwa 20,000, sikatai. Wanainua nyuzi kwenye briji, kile kidaraja kinachozibeba mwilini mwa gitaa, mpaka kukoroma kuishe. Kweli kunaisha, lakini sasa vidole vinauma, na ukibonyeza freti za juu gitaa linatoka tyuni kwa sababu unauvuta uzi mbali mno. Wateja hao nawaona baada ya miezi miwili.

Wengi huniuliza: kwa nini gitaa jipya, lenye nailoni bado kwenye pikgadi, lile bamba la plastiki la mbele, liwe na freti mbovu? Sababu ni mbili, haraka na mbao mbichi. Shingo ikichongwa kabla mbao haijakauka na kutulia, inaendelea kujikunja ikiwa mikononi mwako. Mbao hunywea kwa upana, chuma hakinywei. Gitaa limekaa ghalani Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari, limepanda basi, limefika huku mwezi wa Januari au Februari kukiwa kukavu na jua kali. Baada ya wiki tatu ubao unaobeba freti umepungua upana kidogo na ncha za freti zimetokeza pembeni kama meno ya msumeno.

Dada mmoja wa timu ya kusifu alikuja ana plasta kwenye mkono wa kushoto, alidhani freti zake zina kutu. Mjomba wake alikuwa amejaribu kumsaidia kwa tupa ya seremala, ile nene ya mbao. Ncha zilipungua, ni kweli, lakini tupa ilikula pia vanishi na pembe ya shingo yenyewe, upande mzima wa uzi wa kwanza, ambao ukaanza kuteleza nje ya freti kila anapouvuta. Ncha zile ningezisawazisha kwa 30,000. Sasa ikabidi nijaze pembe, nipake vanishi upya na kubadili freti tisa. Alilipa 140,000 na alilalamika, naye namwelewa, lakini sikuwa na namna.

Tuje kwenye ubao wenyewe, maana hilo ndilo wateja wanalopenda kubishana nalo. Fretibodi ni ule ubao mwembamba juu ya shingo unaopigiliwa freti. Kampuni ya Fender ilipoanza kuuza magitaa ya umeme mwaka 1950, shingo ilikuwa kipande kimoja cha mti wa mepo, bila ubao wa kubandika juu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo wakaanza kubandika ubao wa rozwudi juu. Mepo ni mweupe na hushika uchafu wa jasho, kwa hiyo lazima upakwe vanishi. Rozwudi una mafuta yake wenyewe, hauhitaji. Mti mweusi, ule Wazungu wanaouita ebony, ni mgumu zaidi na unateleza chini ya kidole. Tofauti hizo unazihisi mkononi. Kuhusu sauti nitasema ninavyoamini baada ya magitaa mengi kupita mezani kwangu: pikapu inasikia mtikisiko wa uzi wa chuma, haisikii mti. Mti una mchango wake, lakini gitaa lenye ubao wa rozwudi na freti zilizopanda na kushuka litashindwa na gitaa la ubao wa bei ndogo ambalo freti zake zimelala sawa. Nimelishuhudia hilo tena na tena.

Ndiyo maana mtu akinipigia simu kuuliza tu, “Ni rozwudi au si rozwudi?” huwa namwomba alilete nilione. Mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliweka miti yote ya jamii ya Dalbergia, rozwudi ikiwamo, chini ya udhibiti, na viwanda vikahangaika na vibali. Fender ilihamishia magitaa yake mengi ya Mexico kwenye mti wa Amerika Kusini uitwao pau ferro. Nimewahi kuletewa moja na mtu anayetaka nimsaidie kudai pesa zake, anasema ameuziwa feki. Halikuwa feki. Lilikuwa gitaa zuri lenye ubao mzuri, freti zimekaa vizuri kuliko magitaa mengi yanayopita hapa. Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilitolewa kwenye masharti hayo, lakini miti ile mingine ilikwisha kupata nafasi yake.

Feki ninayoijua mimi ni nyingine: ubao mweupe uliopakwa rangi nyeusi. Utaujua kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo, ukisugua kinarudi kijivu. Mimi nikitoa freti moja naona mfereji ndani mweupe kama muhogo. Sisemi ubao huo ni lazima uwe mbaya, lakini usilipie bei ya mti mweusi.

Na hapa kuna njia ya mkato inayonisumbua kuliko zote. Rangi ikianza kufifia, watu wanapaka dawa ya viatu. Nyeusi kwa anayetaka weusi, kahawia kwa anayetaka rozwudi. Kwa siku mbili gitaa linapendeza. Kisha nyuzi zinaanza kunata, nta inajaa kwenye mizizi ya freti, vumbi na jasho vinaganda juu yake, na mpigaji anashuka jukwaani vidole vyeusi. Kijana mmoja alikuwa amepaka kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima. Nilitumia siku nzima kukwangua kwa kipande cha plastiki na kufuta, na freti sita zilikuwa zimelegea kwenye mifereji, gundi mpya haikubali kushika kwenye nta. Mafuta ya kula nayo yaacheni jikoni, yanaoza na kunuka. Matone machache ya mafuta safi ya madini, mara mbili kwa mwaka, kwa ubao usio na vanishi, yanatosha. Kisha unayafuta yote.

Trasrodi nayo msiikaze kwa alenkii yoyote iliyo karibu. Nyuzi sita za kawaida, zenye namba za unene 10 hadi 46, zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 45. Ile fimbo inashindana na uzito huo saa zote. Ukiikaza kwa nguvu inakatika, na kwa gitaa la 250,000 kuitoa na kuweka nyingine ni ghali kuliko gitaa.

Ukienda dukani, lishike gitaa kichwa kikiwa karibu na jicho, funga jicho la pili, tazama chini ya shingo kama seremala anavyotazama ubao. Ukiona imejinyonga, rudisha, hakuna fundi atakayekusaidia kwa bei nafuu. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Piga kila freti kwa kila uzi, hata muuzaji akinuna.

Sasa mpingo. Karibu kila mwezi mtu ananiambia, “Fundi, niwekee fretibodi ya mpingo, sisi si ndio wenye mpingo?” Ombi hilo nalipenda. Mpingo ni ndugu wa damu wa rozwudi, wote ni Dalbergia. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Ulaya wanautengenezea klarineti na obo. Na hapa kwetu Moshi ndipo marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho alipoanzisha mwaka 1996, pamoja na Mmarekani James Harris, mradi wa kuupanda na kuuhifadhi. Mti wenyewe unataka miaka 70 hadi 100 ndipo uwe wa kuvunwa. Ndiyo maana sikubali kuuharibu.

Niliwahi kuuharibu. Miaka yangu ya mwanzo mzee mmoja, mpiga gitaa wa bendi ya hoteli, aliniletea kipande alichonunua kwa wachongaji wa vinyago. Kizuri, cheusi, hakina nyuzi nyeupe. Nilikiranda, nikakibandika, nikapiga freti. Mzee alifurahi, akaniongezea 20,000 bila kuombwa. Ilikuwa Oktoba. Februari alirudi, hakusema neno, alifungua begi tu. Ubao ulikuwa umepasuka kutoka freti ya 3 mpaka ya 9, ufa unaoingia ukucha, na ubavuni umeachana na shingo. Makosa mawili, yote yangu. Mchongaji hupenda mpingo mbichi kwa sababu ni rahisi kuuchonga, na mimi sikuuliza ulikatwa lini. Pili, ule mti una mafuta, na kabla ya kuugundisha ni lazima uufute kwa asetoni na kuubandika palepale. Sikujua. Nilimrudishia pesa zote na kumwekea ubao mwingine kwa gharama yangu, na bado naona aibu nikipita karibu na ile hoteli.

Baada ya hapo nilikwenda kujifunza kukausha mbao kwa mwalimu aliyesomea Chuo cha Viwanda vya Misitu hapahapa Moshi. Alinifundisha kupaka nta ya mshumaa kwenye vichwa vya kila kipande ili maji yasitoke kwa pupa, kuvipanga na vijiti katikati hewa ipite, na kuvipima. Kila tarehe moja navipima kwa mizani ya jikoni na kuandika kwa chaki. Uzito ukishuka, ubao bado unakauka. Ukisimama mwaka mzima, masika na kiangazi, ndipo ninauamini.

Fretibodi ya mpingo kwangu ni 380,000, na ndani yake kuna miaka hiyo ya kusubiri, asetoni, barakoa (vumbi lake linawasha ngozi na kifua) na misumeno inayoisha makali haraka kuliko kwa mti wowote mwingine. Kwa anayetaka mti wa nyumbani kwa bei ya chini, mninga uliokauka vizuri umetulia sana, haupindi hovyo, ingawa ni laini zaidi na freti zake zinataka kutunzwa.

Kwenye rafu sasa kuna vipande sita vya mpingo. Viwili viko tayari na vina wenyewe. Vinne vimeandikwa Machi 2022. Watu watatu wameshaviulizia, mmoja ametaka kuniachia pesa yote mkononi. Tarehe moja mwezi huu cha juu kilikuwa kimepungua gramu 2, nikamwambia bado.