Mkwaruzo Mdogo, Mbona Mlango Mzima?

"Nimegusa gari la mtu kidogo tu nikitoka kuegesha pale sokoni Marikiti, na nyinyi mnanitoza rangi ya mlango mzima. Mnanipiga!" Lawama hii haiishi hapa gereji kwetu, na hutoka kwa mlipaji. Gari si lako, ndugu mteja. Mwenyewe ana haki ya kulipata kama alivyoliacha.

Kwanza, usiondoke. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakutaka usimame na utoe jina na anwani yako. Usipompata wa kumpa, ripoti polisi kabla ya saa 24 kwisha. Kikaratasi chini ya waipa ni uungwana, ila hakichukui nafasi ya ripoti. Piga picha za magari yote mawili, namba zionekane. Kama bima ndiyo italipa, chukua abstrakti (hati ya polisi ya ajali), na gari lisiguswe kabla mkaguzi wa bima hajaliona. Mkielewana kulipana wenyewe, andikeni ni sehemu zipi zitatengenezwa na ni gereji gani.

Sasa bei. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) na polishi huenda zikatosha, na hatutakuuzia rangi. Ukikwama, ni kazi ya rangi, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Juu ya rangi kuna klia, tabaka angavu la kuikinga, na klia haiungwi katikati ya mlango. Ukingo wake hubaki mwembamba, jua la Mombasa huupiga, nayo huanza kubanduka. Ndiyo maana tunaipeleka hadi kwenye kingo za mlango, kitasa na mipira ikiwa imevuliwa. Rangi ya silva ni kazi zaidi: lazima tuififishe kidogo kidogo hadi kwenye fenda au mlango wa jirani, la sivyo tofauti itaonekana ukisimama pembeni. Nyeupe ya lulu ya Toyota, namba ya rangi 070, ni hatua tatu: nyeupe, lulu, klia. Mkono mmoja wa lulu ukizidi, rangi hubadilika, kwa hivyo tunapuliza kadi ya majaribio kwanza. Mteja anayeleta kopo la "nyeupe" alilonunua njiani anajitafutia kulipa mara mbili.

Milango mingi tunayoikwangua upya ilipitia njia ya mkato: bati halikuvutwa, shimo likajazwa fila (lipu ya kusawazisha bati). Fila ikizidi milimita 3 hivi, hupasuka. Hadena, dawa ya kuigandisha, ni kama asilimia 2 ya uzito wa fila. Ikizidi, doa hupenya hadi juu ya rangi, na ikipungua, fila haikauki. Tena fila hunywa maji. Msasa wa maji juu ya fila iliyo wazi, pamoja na hewa yetu ya chumvi, huleta kutu chini yake, kisha malengelenge. Bati tulilolikwangua halilali uchi kwetu: praima ya epoksi (rangi ya chini ya kukinga bati) hupigwa siku hiyo hiyo.

Bampa nalo ni plastiki, linataka praima yake, bila hiyo rangi hutoka kama ganda la yai. Tunalivua kabla ya kutaja bei, maana klipu, bano na sensa huvunjika kwa nyuma huku mbele pakionekana pazima.

Njoo na mwenye gari, mkubaliane mbele yetu. Siku ya kuchukua, alikague nje mchana, kwani taa za gereji huficha tofauti ya rangi, ndipo ulipe salio. Kisha asilipake waksi kwa siku 30.