Kwa Nini Ada ya Daktari wa Ulingoni Hulipwa Kabla ya Kengele ya Kwanza

Kazi yetu ni kuwapeleka madaktari kwenye mapambano ya ngumi, na kila tunapomtumia mwandaaji wa mapambano ankara yetu, huwa tunasubiri swali moja ambalo halikawii kufika: kwa nini alipe fedha zote kabla ya pambano la kwanza, ilhali watoa huduma wengine, kuanzia mafundi wa taa hadi walinzi wa mlangoni, hukubali sehemu ya malipo yao baada ya shughuli kwisha? Swali hilo ni halali, na jibu la mkato, kwamba ndivyo mkataba unavyosema, halijawahi kumridhisha mtu. Tumeona ni vema tulieleze kwa kirefu.

Mnamo 21 Juni 2003, jijini Los Angeles, Vitali Klitschko alikuwa akipigania taji la dunia la uzito wa juu dhidi ya Lennox Lewis, na baada ya raundi sita majaji wote watatu walikuwa wamempa uongozi wa pointi 58 kwa 56. Raundi ya saba haikuchezwa. Daktari alikagua michaniko iliyokuwa kwenye jicho lake la kushoto akaamua kwamba pambano lisiendelee, na bondia aliyekuwa akiongoza akahesabiwa kuwa ameshindwa huku akipinga kwa nguvu zake zote. Uamuzi wa namna hiyo humwudhi bondia, kocha, watazamaji, kituo cha televisheni na, zaidi ya wote, mtu aliyegharimia usiku mzima. Sasa jiulize daktari angekuwa katika hali gani iwapo malipo yake yangekuwa bado mfukoni mwa mtu huyo wa mwisho.

Hilo ndilo jibu letu. Mahali penye kamisheni ya michezo yenye nguvu, yaani chombo rasmi kinachosimamia mapambano, mwandaaji hukilipa chombo hicho, nacho ndicho humteua na kumlipa daktari. Pale ambapo utaratibu huo haupo, sisi ndio tunaosimama kati ya mwandaaji na daktari. Ada ni moja, haibadiliki, iwe daktari amesimamisha mapambano manne au hakuinuka kitini usiku kucha. Hatupokei nyongeza baada ya onyesho lililofana, wala hatumpangi daktari kwenye pambano la bondia anayemtibu katika kliniki yake binafsi.

Wateja wengi huihesabu ada hiyo kwa saa ambazo daktari huonekana kando ya ulingo, na kwa hesabu hiyo ni kweli kwamba inaonekana kubwa. Kazi yenyewe huanza mapema zaidi. Daktari hupitia majibu ya vipimo vya damu, hasa virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C, kwa kuwa damu ya mmoja humrukia mwenzake. Hupitia vipimo vya macho, na picha za ubongo pale zinapotakiwa. Siku ya kupima uzito humtazama bondia aliyejikausha maji mwilini ili aingie kwenye daraja lake, maana huyo anaweza kufika kwenye mizani akiwa na midomo iliyopasuka na moyo unaokimbia, kisha akaapa kwamba hajambo. Hapo ndipo mapambano mengine hufutwa, na tunajua mwandaaji hapendi kusikia hivyo tiketi zikiwa zimeshauzwa.

Pambano likianza, daktari hupata nafasi ndogo mno. Mapumziko kati ya raundi za ngumi ni dakika moja, na katika dakika hiyo kocha anataka kusema, mzuia damu anabana jeraha, na bondia anatafuta pumzi. Daktari hupata sekunde chache za kuangalia mboni, kuuliza swali rahisi na kusikiliza jibu linavyotoka. Damu nyingi usoni si lazima iwe hatari. Mchaniko mdogo kwenye kope la juu unaweza kuwa mbaya kuliko jeraha refu la kwenye paji la uso linalotisha ukumbi mzima.

Jeraha linalotutia hofu zaidi halitoi damu nje kabisa. Kichwa kinapopigwa na kuzungushwa ghafla, mishipa midogo inayounganisha uso wa ubongo na utando mgumu unaoufunika inaweza kukatika, damu ikaanza kujikusanya ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Mtu huyo anaweza kuzungumza, kutembea hadi chumba cha kubadilishia nguo na hata kumpongeza mpinzani wake, kisha hali yake ikaharibika ndani ya muda mfupi. Magomed Abdusalamov alimaliza raundi zote 10 mjini New York mnamo 2 Novemba 2013, akashindwa kwa pointi, akalalamika kuumwa kichwa, na alipelekwa hospitali kwa teksi. Ubongo wake ulikuwa ukivuja damu. Alipona kifo lakini alibaki na ulemavu mkubwa, na mwaka 2017 jimbo la New York lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 22.

Miaka mingi kabla ya hapo, mnamo 21 Septemba 1991, Michael Watson alianguka jijini London baada ya pambano lake na Chris Eubank. Madaktari walikuwepo uwanjani, lakini huduma ya kumsaidia kupumua haikuanzia pale ulingoni, na hospitali ya kwanza aliyofikishwa haikuwa na upasuaji wa ubongo. Watson aliishtaki Bodi ya Kudhibiti Ngumi ya Uingereza, na mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba bodi hiyo ilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma inayofaa inapatikana palepale. Tunawaeleza wateja kesi hii kwa sababu wengi wao hudhani kuwa kuwepo kwa mtu mwenye cheti cha udaktari kunatosha. (Mteja mmoja alituomba tumpelekee daktari wa meno, kwa hoja kwamba naye ni daktari.) Anayetakiwa ni daktari aliyezoea dharura, anayeweza kuingiza mrija wa hewa kwenye koo la mtu aliyepoteza fahamu, akiwa na oksijeni, machela, kola ya shingo na gari la wagonjwa lililowasha injini.

Kuhusu kipato cha madaktari wenyewe, tuseme wazi: hawatajiriki. Daktari wa dharura aghalabu hupata zaidi kwa zamu ya kawaida hospitalini kuliko kwa usiku wa ngumi, na kwenye ngumi za ridhaa wengi hujitolea tu kwa kuwa wanaupenda mchezo. Sehemu kubwa ya ankara inayobaki huenda kwenye bima, kwani bima ya kitaaluma anayoitumia daktari hospitalini mara nyingi haigusi kazi ya ulingoni, na daktari asiye na bima akimhudumia bondia aliyeumia vibaya huhatarisha nyumba yake na leseni yake. Kwa hiyo mteja anapotuonyesha bei ya mshindani iliyo nusu ya yetu, swali la kwanza la kumwuliza mshindani huyo ni kama daktari wake ana bima inayotaja mapambano kwa maandishi.

Baada ya pambano la mwisho daktari huwapima mabondia wote, washindi kwa washindwa, kisha huandika mapendekezo ya mapumziko. Aliyepigwa nokauti anaweza kuzuiwa kwa siku 60 au 90, na zaidi kama picha ya ubongo inasubiriwa. Nakala moja humfikia mwandaaji.

Tunapofunga mkataba tunahitaji orodha ya mapambano, idadi ya raundi, jina la hospitali iliyo karibu yenye upasuaji wa ubongo, na njia ya gari la wagonjwa ambayo magari ya watazamaji hayataiziba. Kifungu kinachojadiliwa kwa muda mrefu kuliko vyote ni cha saba, nacho hatujawahi kukilegeza: gari la wagonjwa likiondoka na bondia na hakuna jingine, mapambano yote husimama hadi jingine lifike.