Usikope, badilisha diski

Tanga,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Salma,

Salaam nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimesoma kwamba unataka kuiuza laptopu yako na kukopa ununue mpya, kwa sababu ukiiwasha unachemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka. Mwenzangu, subiri kwanza. Yangu ilikuwa hivyo hivyo hadi mwezi uliopita, na kilichoiponya ni diski tu.

Siku ile najaza alama za kidato cha pili iliganda, nikafungua ile orodha inayoonyesha kila kitu ndani kinafanya kazi kiasi gani. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, asilimia 8. Diski asilimia 100, na haishuki. Ndani ya diski ya zamani mna sahani, nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huku kutafuta faili. Safari moja ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini Windows ikiamka inasoma vifaili maelfu vilivyotawanyika kila pembe. SSD, ile diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka wala kinachotembea. Ukiomba faili, inatoa hapo hapo.

Fundi alitaka kunipigia Windows upya kwenye SSD. Nikakataa. Programu zangu, printa, majedwali ya alama niliyoyapanga miaka mitatu, nianze kuvisaka kimoja kimoja? Nilitaka mfumo uhame mzima. Kazi hiyo inafanywa na Clonezilla, programu ya bure. Unaiweka kwenye flashi na kuwasha kompyuta kutoka humo.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Diski yangu ilikuwa ya GB 500, nikanunua SSD ya GB 480, nikijua ni yale yale, maana nilikuwa nimetumia GB 130 tu. Clonezilla ikagoma. Kwa kawaida haiangalii umetumia kiasi gani. Inataka diski mpya ilingane na ya zamani au iizidi. Zipo njia za kuipunguza ya zamani kwanza, nikahangaika nazo hadi saa sita usiku, kisha nikaona si kazi ya mtu mwenye vipindi asubuhi. Kesho yake nikairudisha ile SSD dukani, nikaongeza pesa, nikachukua ya GB 512. Kwa hiyo usitoke nyumbani kabla hujajua yako ina GB ngapi. Nunua na waya wa kuunganisha SSD kwenye USB.

Kabla ya yote, nakili alama na picha zako kwenye flashi nyingine au diski ya nje. Diski iliyochoka inaweza kufia katikati ya safari, na kama yako imeshaanza kugonga tik, tik, tik, basi okoa faili kwanza, habari za kuhamisha mfumo zije baadaye.

Kisha kuna pale Clonezilla inapokuuliza unatoa wapi na unapeleka wapi. Diski zinatajwa kwa herufi tu, sda na sdb. Nilizisoma mara tatu, nikalinganisha jina la kampuni na ukubwa, kidole kiko juu ya kitufe na moyo unanidunda. Ukigeuza, unaandika utupu juu ya kazi zako zote, na hakuna kurudi. Usibonyeze ukiwa umechoka, nakusihi.

Kunakili kulichukua karibu saa nzima. Baada ya hapo nikazima, nikachomoa chaja na betri, nikafungua kifuniko cha chini. Diski imekaa kwenye fremu ya bati yenye skrubu nne ndogo kama punje za ulezi. Niliziweka kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. SSD ikaingia pale pale, inchi 2.5 kama mwenzake. Usiwashe zote mbili zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu sasa zina utambulisho mmoja na Windows itachanganyikiwa.

Nikawasha. Nilihesabu kwa sauti, na nilipofika kumi na nane nikaona picha ya wanangu pale kwenye skrini, na mafaili yote yako kama nilivyoyaacha. Mama Salma, nilitokwa na machozi. Jioni ngapi nimepoteza mbele ya lile duara linalozunguka!

Diski ya zamani nimeifungia kabatini bila kufuta kitu, mpaka niridhike. Ila kama laptopu yako ina RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika wakati wa kazi) ya GB 2 tu, niambie, maana hapo SSD peke yake haitatosha.

Likizo uje nayo. Bisibisi ninayo, waya ninao. Wewe angalia ukubwa wa diski yako leo usiku uniandikie.

Wako akupendaye,
Mama Idd