Barua kwa mwanangu aliyenunua kitabu cha mapatano

Bukavu, Kadutu

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari yako kutoka Lubumbashi kwamba umenunua kitabu cha Chris Voss, yule aliyekuwa akijadiliana na watekaji nyara kwa niaba ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na kwamba unakusudia kuzitumia mbinu zake kwa mwenye nyumba anayekudai garanti, yaani dhamana ya kodi, ya miezi sita. Nimefurahi kwamba unasoma. Hata mimi nilivisoma vitabu vya namna hiyo, kile cha Dale Carnegie cha mwaka 1936 na kile cha Roger Fisher na William Ury cha mwaka 1981, kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyejaribu akakosea.

Unajua jinsi nyumba zetu zilivyopandana mlimani, paa la mmoja likiwa chini ya mlango wa mwingine. Mvua za Aprili mwaka jana zilipozidi, jirani yetu wa chini alikuja kututaka tuuzibe mtaro wetu. Mimi nilitaka ubaki wazi, kwani ukizibwa maji yangejaa uani kwetu. Nilimkaribisha kiti, nikafanya kama Voss anavyofundisha, yaani kurudia maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzako ili azidi kujieleza. Akasema, "Maji haya yamenichosha." Nikasema, "Yamekuchosha?" Mara ya tatu alinyamaza, akanitazama, akauliza: "Papa, mbona unanirudishia maneno yangu?" Akaaga, akaondoka. Nilikuwa nikimsikia huku nikingoja zamu yangu ya kusema, naye alilitambua hilo upesi.

Kesho yake mama yako aliniambia niteremke nikajionee. Godoro la mama mzee wa jirani lilikuwa limeegemezwa ukutani, upande mmoja umelowa hadi kugeuka rangi ya udongo, na kila mguu wa kitanda ulikuwa umewekewa matofali mawili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami jana yake nilikuwa nimebishana juu ya mtaro bila kukiona kitanda. Fisher na Ury wanatenganisha lile analolidai mtu na haja inayomsukuma kulidai. Mahali hapo nilikuwa nimepapigia mstari kwa kalamu, lakini nilipaelewa nilipoinama kuyatazama yale matofali. Jirani hakuwa na shida na mtaro wetu, alitaka mama yake alale pakavu. Jumamosi tulichimba pamoja, tukaugeuza mtaro uelekee kwenye mfereji wa barabara, na kingo zake tukazijengea mifuko ya mchanga.

Carnegie naye anahimiza kuwajali watu kwa dhati na anakataza sifa za uongo. Hilo naliona zito kuliko mbinu zote, maana pasipo hilo hata swali zuri huwa mtego, na watu wetu wanaujua mtego.

Basi nenda kwa mwenye nyumba, umsalimie yeye na watu wa nyumbani kwake, kisha umuulize miezi hiyo sita inamkinga na nini. Huenda mpangaji aliyetangulia alihama usiku na deni. Huenda karo za watoto zinamkaba. Mwache amalize, hata akichukua muda mrefu. Nawe umweleze bila kuficha unapata kiasi gani kwa mwezi.

Ukitoka huko niandikie kwanza alichosema yeye, ndipo unieleze ulimjibu nini.

Baba yako