Siku moja ya wageni haimwandai mwanafunzi kwa chuo wala kazi

Mhariri,

Katika shule nyingi za upili kuanzia Nakuru hadi Busia, kumwandaa mwanafunzi kwa chuo na kazi ni shughuli ya siku moja kwa mwaka. Hema hupigwa uwanjani, daktari, wakili na meneja wa benki hualikwa, kila mmoja hupewa dakika 20, makofi hupigwa, soda hunywewa, na Jumatatu kila kitu hurudi kilivyokuwa. Naandika kuwasihi walimu wakuu, bodi za shule na wazazi waache kuiita siku hiyo mpango. Mpango ni kazi ya kila wiki, yenye daftari, tarehe na mwalimu anayewajibika. Na mwaka huu wa 2026 hauna nafasi ya kuahirisha, kwa sababu shule zetu zinalea mifumo miwili chini ya paa moja: Gredi ya 10 iliyoingia Januari kwa mtaala mpya, na vidato vya tatu na nne vya mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambavyo vitafunga ukurasa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mwaka 2027.

Nianze na Gredi ya 10, maana hapo ndipo milango inapofungwa kimyakimya. Kila mwanafunzi anasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na huduma kwa jamii. Kisha anachagua masomo matatu. Mzazi huuliza mtoto ameingia mkondo gani, akiambiwa ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anafurahi na kwenda zake. Swali hilo halitoshi. Ndani ya mkondo huo huo, mmoja anasoma Fizikia, Kemia na Biolojia, mwingine Kilimo, Biolojia na Sayansi ya Nyumbani. Wote wawili ni wa STEM, lakini wa pili hana Fizikia wala Kemia. Akija kusema Gredi ya 12 kwamba anataka uhandisi wa umeme au ufamasia, hakuna mwalimu atakayemfundisha miaka mitatu ya Fizikia na Kemia kwa muhula mmoja. Uchaguzi wake si mbaya hata kidogo kwa anayelenga lishe au kilimo. Ubaya ni kuufanya bila kujua unaelekea wapi, au kwa sababu shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia na nafasi zikajaa.

Hisabati nayo ina mtego wake. Wa STEM wanasoma Hisabati kamili. Mikondo mingine imewekewa ile nyepesi ya matumizi ya kila siku. Kijana wa sayansi ya jamii anayetamani uchumi, takwimu au uhasibu wa ngazi ya juu lazima aulize shule katika wiki za mwanzo kama anaweza kuingia darasa la Hisabati kamili. Muhula wa pili atakuwa amepitwa na mada nyingi, na tathmini za shule zitakuwa zimeshaanza kurekodiwa.

Dawa yake ni karatasi moja. Mwanafunzi agawe ukurasa kwa safu tatu. Safu ya kwanza aandike kazi tatu anazozifikiria, si moja, na angalau moja iwe ile inayofikiwa kwa diploma au cheti. Safu ya pili aandike kozi inayompeleka huko na ngazi yake. Ya tatu, masomo ambayo kozi hiyo inayataka. Habari za safu ya pili na ya tatu ziko kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, ambako kila kozi imeandikiwa masharti yake. Masharti hayo yameandikwa kwa gredi za KCSE, lakini Fizikia haitaacha kuwa msingi wa uhandisi eti kwa sababu mfumo umebadilika. Mwalimu akishachukua karatasi hizo, aweke alama nyekundu kila mahali ambapo somo la safu ya tatu halimo kati ya masomo matatu ya mwanafunzi. Kwa darasa la watoto 45 hiyo ni kazi ya jioni mbili. Wenye alama nyekundu ndio wanaoitwa kwanza, pamoja na wazazi wao.

Kwa kidato cha nne, kosa kubwa ni kutazama wastani peke yake. Chukua watahiniwa wawili wenye wastani wa C+, kila mmoja pointi 50 kati ya 84, wote wanataka uhandisi. Wa kwanza ana B ya Hisabati, C+ ya Fizikia, B- ya Kemia na B ya Jiografia. A ikiwa pointi 12 na kila gredi chini yake ikipungua moja, masomo hayo manne yanampa pointi 33 kati ya 48. Wa pili ana C katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na B ya Dini. Jumla yake ni 27. Hesabu ya msingi ya uteuzi huenda hivi: gawa pointi za masomo manne kwa 48, gawa pointi za jumla kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Wa kwanza anapata 30.7, wa pili 27.8. Wastani ni ule ule, lakini foleni ni mbili tofauti. Tena wa pili ameshafungiwa nje hata kabla ya kikokotoo kuwashwa, kwani kozi za uhandisi kwa kawaida hudai angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia.

Sasa tazama upande wa pili wa matokeo ya huyo aliyekosa. Ana B ya Kiswahili. Shahada ya sheria inataka wastani wa C+ pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Shahada ya ualimu inataka C+ katika masomo mawili ya kufundishia, na Kiswahili na Dini anavyo. Mtoto huyu ana milango miwili wazi, naye anashinda nyumbani akilia kwa ule mmoja uliofungwa. Hesabu hii ifanywe kwa matokeo ya mtihani wa majaribio, wakati bado kuna miezi ya kuinua C ya Kemia iwe C+, si baada ya matokeo kutoka.

Jambo hili linauma zaidi kwa wanaotaka uuguzi. Diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inaombwa kwa wastani wa C, C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- ya somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Si masharti ya kutisha. Lakini kila mwaka wapo wanaoacha Biolojia wakiingia kidato cha tatu kwa kuwa ina michoro mingi, kisha wanaota sare nyeupe.

Ziara za kazini ndizo zinazoharibiwa zaidi. Basi linabeba wanafunzi 60 hadi kiwanda cha sukari, wanasimama langoni, afisa anahutubia huku mashine zinanguruma, walio nyuma hawasikii neno, wanapigwa picha na kurudi. Wapelekwe watano watano, nusu siku, karibu na shule. Nakuru ina mashamba ya maua ya Naivasha, mvuke wa Olkaria na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Kisumu ina bandari, wauza samaki na mafundi wa jua kali wa Kibuye, na mtaala mpya una somo la teknolojia ya bahari na uvuvi ambalo lingestahili kuwa na wanafunzi wengi kuliko mengine huku ziwani. Magharibi kuna miwa, na maabara ya kiwanda cha sukari ina vijana wanaopima utamu wa miwa ambao kazi yao haijulikani na mwanafunzi yeyote wa Kemia.

Barua iende wiki mbili mapema, itaje majina, tarehe, saa, na kazi mbili au tatu ambazo wanafunzi wataziona. Bila hilo la mwisho watapewa ufagio. Kila mmoja aende na maswali sita: ulisomea wapi na kwa muda gani, ni somo gani la shule unalolitumia kila siku, kazi huanza saa ngapi na kwisha saa ngapi, ni kifaa gani ukikiharibu ni hasara kubwa, mgeni katika kazi hii hushindwa wapi, na mtu wa mwisho kuajiriwa hapa alipatikanaje. Swali la tano ndilo lenye mali. Fundi wa kuchomelea vyuma atasema vijana hawajui kupima, wanakata chuma cha sentimita 60 kikawa 58, na hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini Hisabati inafundishwa.

Usalama usiachwe kwa bahati. Tai ya shule ivuliwe kabla ya kukaribia mashine yoyote inayozunguka, kwa sababu tai ikinaswa huvuta shingo. Mwanga wa kuchomelea hautazamwi bila kinga, hata ukiwa mbali. Macho huanza kuwasha usiku kana kwamba yametiwa mchanga. Banda la maua lililonyunyiziwa dawa lina saa zake za kutoingiwa, na mwalimu ndiye wa kuuliza, si mtoto. Wengi wao hawajafika miaka 18, hivyo wanakwenda kutazama na kuuliza tu.

Ndani ya siku mbili baada ya kurudi, kila mmoja aandike ukurasa mmoja, auchape kwenye kompyuta ya shule na autume kwa barua pepe yake mwenyewe. Wapo wanaofika mwaka wa kwanza chuoni bila kuwahi kuchapa kurasa mbili wala kuambatisha faili, na wiki tatu za mwanzo zinawapotea hapo.

Kuhusu vyuo vya kiufundi nitasema wazi: walimu wengi bado wanavitaja kama adhabu, na wanafunzi wanasikia. Kisumu National Polytechnic, Sigalagala pale Kakamega, na ile ya Rift Valley mjini Nakuru si mahali pa kutupia walioshindwa. Diploma ya ngazi ya 6 huanzia C-, ngazi ya 5 huanzia D, na chini yake zipo ngazi za 4 na 3. Usajili hufanywa Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo aliyechelewa kwa karo hapotezi mwaka mzima. Mafunzo yamegawanywa kwa moduli, na anayekatizwa njiani huondoka na cheti cha alichomaliza. La kuchunguza ni chuo chenyewe: kina leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi? Karakana ina mashine ngapi kwa darasa la watu wangapi? Mashine moja ya kukereza vyuma kwa wanafunzi 40 maana yake ni kwamba 39 wanatazama. Na kwa anayekwenda chuo kikuu kusomea uhandisi, aulize kama kozi hiyo imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, kwa sababu shahada isiyotambuliwa na bodi haimsajili mtu kuwa mhandisi.

Mwisho ni hati, ambazo hakuna anayezijali mpaka zimkwamishe. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa na yale ya usajili wa mtihani yafanane herufi kwa herufi. "Otieno" upande mmoja na "Othieno" upande mwingine ni safari za miezi. Mfumo wa KUCCPS humtambua mwanafunzi kwa nambari yake ya KCSE, mwaka wa mtihani, na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nambari ikiwa ilinakiliwa vibaya wakati wa usajili, mwanafunzi anabisha mlango usiomjua. Karatasi ya usajili ikirudi shuleni kukaguliwa, kila mtahiniwa aisome akiwa na cheti mkononi, si mwalimu wa darasa asome kwa niaba ya wote. Anayefikisha miaka 18 aombe kitambulisho likizo hiyo hiyo. Na nywila ya KUCCPS isibaki na mwenye saiba, lile duka la intaneti. Wapo waliojazwa kozi wasizozitaka kwa sababu simu na barua pepe zilizotumika hazikuwa zao, na ujumbe wa marekebisho ukaenda kwa mtu mwingine. Dirisha la marekebisho hufunguliwa kwa siku chache, na nafasi zinazobaki humo ni zile ambazo wengine hawakuzijaza.

Walimu wakuu hulalamika kwamba hawana muda wala fedha. Kipindi cha malezi cha kila wiki kimo tayari kwenye ratiba ya Gredi ya 10, ila mara nyingi hugeuzwa kuwa cha marudio ya Hisabati. Kirudishwe kwa kazi yake. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi vichache vya somo lake ili apate kusoma zile karatasi za safu tatu, kwani mwenye vipindi 27 kwa wiki hatazisoma, hata akitaka. Kila mwanafunzi apewe daftari la kurasa 48 litakalomfuata hadi Gredi ya 12. Chama cha wazazi kiandike orodha ya kazi 12 zinazofanywa na wazazi wenyewe umbali wa kutembea kutoka shuleni, wenye gereji, zahanati, duka la dawa za mifugo na ofisi ya maji wakiwemo, na watano wa kwanza watumwe kabla ya likizo ya Agosti.

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Kisumu