Nyimbo za Kilatini zisituponyoke

Mhariri,

Alhamisi iliyopita parokiani kwetu, wakati wa baraka ya Sakramenti Kuu, wimbo wa Kilatini "Tantum ergo" uliimbwa na wazee watatu wa benchi la mbele, kwa ghibu, macho wameyafumba. Sisi wanakwaya tulikaa kimya. Niliumia sana.

Beti hizo ni za Mtakatifu Thomas wa Akwino, karne ya 13. Hata hizi do-re-mi tunazojifunzia nyimbo kila siku zina asili katika nyimbo za Kilatini. Karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo, Italia, alichukua utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya mwanzo kila mmoja huanza sauti hatua moja juu ya uliotangulia, na kutoka silabi za kwanza za mistari hiyo akapata ut, re, mi, fa, sol, la. "Ut" ikaja kuwa "do".

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliupa wimbo wa Kigregori, yaani uimbaji wa kale wa Kilatini wa Kanisa, nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Ngoma na kayamba zetu nazipenda, zibaki. Lakini walimu wa kwaya, tutengeeni robo saa tu ya mazoezi, wazee hawa wangali hai watufundishe.

Mwanakwaya, sauti ya tatu,
Songea