Nataka treni ya toi yenye kuku wa Saranda

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi ila kwa sasa niko Maryland, Marekani, na leo jamani siandiki siasa, naandika treni za toi.

Jirani yangu mmoja, mzee, chumba cha chini ya nyumba yake kimejaa treni za toi za kampuni ya Lionel ya Marekani, zile za reli tatu, na kilichonimaliza sio vichwa vya treni, ni mabehewa yenye vituko. Kuna la maziwa la mwaka 1947, unabonyeza kitufe mlango unafunguka kajamaa ka nguo nyeupe kanasukuma kopo la maziwa nje kwenye jukwaa halafu mlango unajifunga, na ndani hamna uchawi ni koili ya umeme tu inavuta chuma. La ng'ombe ndo balaa, sakafu inatetemeka na ng'ombe wana vinywele vya mpira chini ya miguu basi wanatembea wenyewe, wanatoka mlango huu wanazunguka zizi wanaingia ule, ingawa siku ile mmoja aligoma katikati na wenzake wote foleni nyuma yake hadi mzee akamsukuma kwa kidole. Halafu kuna twiga! La mwaka 1960, shingo iko nje juu ya paa, treni ikikaribia kizuizi anainamisha kichwa. Nikamwambia mzee huyo wa kwetu huyo, akacheka.

Sasa hoja yangu. Wale waliweka maziwa kwa sababu waliona treni za maziwa kwao, sasa sisi tuliosafiri reli ya kati kwenda Tabora tulichoona ni nini? Ni Saranda, ile stesheni ya kule Manyoni! Treni haijasimama vizuri akina mama wameshafika na mabeseni kichwani, kuku, mayai, wali kwenye sahani, mtu wa daraja la tatu kajikunja dirishani nusu mwili uko nje anabishana bei na treni imeshapiga honi. Hiyo kwenye treni ya SGR huipati, mtu kakaa ndani na kiyoyozi chake.

Basi nataka treni ya toi yenye Saranda yake, na nimeshaipigia hesabu. Jukwaa litetemeke kama zizi la wale ng'ombe, akina mama watembee sambamba na mabehewa, na dirishani mkono wa abiria utoke kwa koili. Shida ni beseni, likikaa kichwani mama anakuwa mzito juu anaanguka, kwanza nikawaza sumaku chini maana makopo ya maziwa yamefanyiwa hivyo yasidondoke, lakini sumaku itamganda pale pale asitembee, kwahiyo nadhani ni kumwekea nati nzito miguuni na beseni liwe la plastiki nyepesi sana. Mafundi mnisahihishe. Na lazima awepo abiria mmoja aliyeshuka kununua anakimbiza treni na sahani mkononi, huyo sijajua nimuendeshe vipi.

Ombi langu ni dogo, wasomaji wa Itigi, Manyoni na Tabora waniambie stesheni yao walikuwa wanauza nini na kwenye chombo gani. Asali naikumbuka, ilikuwa kwenye chupa, ila nabishana na dada yangu kama zilikuwa za bia au za soda, na nataka nizipake rangi yake sahihi.

Msomaji wenu, Maryland